Tairi za gari kuukuu: jinsi ya kuchagua ukiwa Malindi

Mwenye gari la mwaka 1974 akienda kununua matairi, mara nyingi duka limekwisha kumwamulia. Rafu zimejaa 195/65R15 za Premio na 195R15C za Hiace za matatu, kwa sababu hizo ndizo gari zinazopita barabarani. Muuzaji naye ana maneno yake matatu: "Litaingia tu, mzee." Na kweli litaingia. Lakini kuingia ni jambo moja, na kulibeba gari salama kutoka hapa mpaka Mombasa, karibu kilomita 120 za lami yenye malori, ni jambo jingine.

Mwongozo huu ni kwa wenye Peugeot 504, Volkswagen Kobe, Mercedes W123, Land Rover za Series na ndugu zao, magari ambayo Malindi bado yanatembea kweli, siyo ya kufunikwa turubai tu. Kama gari lako halimo katika hayo, njia ya kufikiri ni ileile. Mimi hufuata mpangilio huu: rimu kwanza, saizi pili, umri wa mpira tatu, na sura ya tairi mwisho kabisa. Watu wengi huanzia mwisho.

Hatua ya kwanza: ijue rimu yako kabla hujataja tairi

Usiliamini tairi ambalo gari limevaa sasa hivi. Gari lenye miaka hamsini limepitia mikono mingi, na huenda mwenyewe wa tatu alinunua kilichokuwepo siku hiyo. Tafuta kitabu cha gari, au kibandiko kwenye nguzo ya mlango au ndani ya kifuniko cha dashibodi. Ukikosa vyote, mwambie fundi wa pancha avue tairi moja, kisha usafishe rimu kwa brashi ya waya. Mara nyingi utakuta imepigwa chapa, kwa mfano 4½J x 15. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo.

Kama chapa imeliwa na kutu, pima mwenyewe. Upana hupimwa pale ukingo wa tairi unapokaa, kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani. Ukipima kutoka nje hadi nje utapata karibu inchi nzima ya ziada, na hesabu zote zitakazofuata zitaharibika.

Rimu za zamani ni nyembamba, na hapo ndipo mambo mengi huharibika. Kobe za miaka ya sitini zilitoka na inchi 4, baadaye 4½. Premio ya leo haina habari na vipimo hivyo.

Hatua ya pili: soma maandishi ya zamani

Utakutana na lugha tatu tofauti ubavuni mwa tairi.

5.60-15 ni vipimo vya inchi: upana inchi 5.6, rimu inchi 15. Kistari hicho katikati kinakwambia tairi ni la nyuzi za mshazari, yaani nyuzi za ndani zinapita kimshazari zikikatana. Hili ndilo Kobe nyingi zilizaliwa nalo.

165R15 ni milimita kwa upana, na R ni radiali: nyuzi zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, juu yake kuna mkanda wa kuimarisha. Hapa hakuna namba ya kimo cha ubavu. Haijasahauliwa, zamani kimo kilikuwa kimoja tu, asilimia 80 au 82 ya upana, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Ukiona 175SR14 au 175HR14, herufi ya kwanza ni ya mwendo tu.

195/70R14 ni maandishi ya leo. Ubavu una kimo cha asilimia 70 ya upana wa milimita 195.

Kwa hiyo ukienda dukani ukauliza 165R15 wakakuambia haipo, uliza 165/80R15. Hilo ndilo hilohilo kwa jina jipya.

Hatua ya tatu: piga hesabu, usikisie kwa macho

Zidisha upana kwa kimo, mara mbili, kisha ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4). Simu yako inatosha.

Tuchukue Kobe. 165/80R15: 165 mara 0.80 ni 132, mara mbili ni 264, ongeza 381 za rimu, unapata milimita 645. Sasa lile la Premio, 195/65R15, linatoka milimita 634 na nusu. Tofauti haifiki asilimia 2. Hapo ndipo watu hunaswa, maana ukiangalia kipenyo tu, kila kitu ni sawa. Lakini tairi hilo limeundwa kukaa kwenye rimu ya inchi 5½ hadi 7, na yako ni 4½. Ukilibana humo, mbavu zinaingia ndani, uso wa tairi unavimba katikati na kuliwa hapo kabla ya pembeni, na gari linayumba nyuma ukikata kona kwa kasi. Ukingo nao haukai imara mahali pake; ukiingia shimo kubwa huku upepo umepungua kidogo, unaweza kuachia. Hayo yote kabla hujaongeza uzito wa usukani, na Kobe haina pawa.

Kwa Kobe, 165/80R15 au 155/80R15 ndiyo jibu. Hayapatikani kila duka, lakini yapo.

Sasa 504 na W123. Nyingi zilitoka na 175R14, kipenyo karibu milimita 642 kwa kimo cha asilimia 82. Dukani utapewa vitu vitatu.

La kwanza ni 185/70R14, ambalo ni rahisi kupata na bei yake ni nzuri. Kipenyo chake ni milimita 615, pungufu ya zaidi ya asilimia 4. Mshale ukionyesha 100 wewe unakwenda 96, injini inapiga mizunguko zaidi safari nzima, na tumbo la gari linashuka karibu sentimita moja na nusu. Kwa mtu wa mjini tu si balaa. Kwa anayekwenda Marafa au anayeingia mashambani nyuma ya Gede, sentimita hiyo ndiyo inayotenganisha bomba la moshi na jiwe.

La pili ni 195/70R14: milimita 629, pungufu ya asilimia 2. Baadhi ya W123 zilitoka nalo kiwandani, kwa hiyo mwenye Mercedes asisumbuke zaidi, anunue hilo. Mwenye 504 ahakikishe kwanza rimu zake hazipungui inchi 5.

La tatu ni 185R14C, na hili ndilo mtego. Kipenyo kinakaribia, meno mazito, muuzaji anakwambia ni imara. C inamaanisha tairi la gari la mizigo. Ubavu wake umeimarishwa kubeba pikapu iliyojaa saruji kwa upepo mwingi. Ulitie kwenye saluni tupu, utahisi kila kokoto, na breki za mvua zitakushangaza vibaya. Kwa 504 ya pikapu inayobeba mizigo kweli, hilo ni chaguo zuri. Kwa saluni, hapana.

Mimi sizidi asilimia 3 ya tofauti juu au chini, na kwenda juu huwa na wasiwasi zaidi, kwa sababu tairi kubwa hugusa kinga-matope ukizungusha usukani mpaka mwisho na watu wanne wamekaa ndani. Jaribu hivyo hasa: jaza watu, zungusha kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, sikiliza.

Land Rover wana nafuu. 7.50-16 bado inatengenezwa kwa malori madogo, na ipo ya radiali, 7.50R16. Vijana wanapenda 235/85R16 kwa sababu kipenyo ni kilekile, karibu milimita 806, na linapendeza. Lakini linataka rimu ya inchi 6 kwenda juu, na za Series ni nyembamba kuliko hizo. Badilisha rimu kwanza, au baki na 7.50R16.

Hatua ya nne: umri wa mpira

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi dukani.

Tafuta ubavuni neno DOT na mwisho wake namba nne katika kidirisha. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Mrudishie mwenyewe na umtakie heri. Wakati mwingine kidirisha kiko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ligeuze.

Mpira huzeeka hata usipotembea. Hewa, jua na joto vinaukausha, ukakakamaa na kupasuka nyufa ndogondogo, hasa chini ya mifereji na pale ubavu unapokutana na uso. Michelin wenyewe wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishatimiza miaka mitano ya matumizi, na likifika miaka kumi tangu kutengenezwa libadilishwe hata kama meno yamejaa. Hiyo ni kwa nchi zote. Kwa gari linalolala juani pwani, mimi huihesabu kumi kuwa mbali mno.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: saizi adimu ndiyo inayokaa rafuni muda mrefu kuliko zote. Lile 195/65R15 litaondoka kesho. 165/80R15 linaweza kukaa miaka likisubiri mtu kama wewe, pengine likiwa limetundikwa nje mbele ya duka kama tangazo, likipigwa jua la saa sita. Utaambiwa ni jipya kabisa, halijawahi kuvaliwa. Yote mawili ni kweli, na bado ni zee. Kati ya saizi halisi ya mwaka 2012 na saizi ya jirani inayokubalika ya mwaka jana, nunua ya mwaka jana bila kuumia moyo.

Ya mtumba kutoka Japani ni kesi hiyohiyo. Meno huwa marefu, bei tamu, lakini mara nyingi huvuliwa kule kwa sababu ya umri, siyo kwa sababu ya meno. Angalia DOT, pindisha ubavu kwa vidole ukitafuta nyufa, kisha tia mkono ndani upapase: kiraka, uvimbe, au mstari wa mpira uliosagika ni ishara kwamba liliwahi kutembezwa bila upepo. Ukihisi unga wa mpira ndani, liache. Kwa gari la kale lenye breki za kale, mimi sinunui kabisa mtumba wa magurudumu ya mbele.

Hatua ya tano: mshazari au radiali?

Michelin waliandikisha hataza ya radiali mwaka 1946, kwa hiyo hata gari lako la zamani si la zamani kuliko radiali. Radiali inashika barabara vizuri zaidi, haipati moto haraka, na inadumu. Mshazari una ubavu mgumu na sura ile ya picha za kale, lakini kwenye lami iliyochimbwa na malori hufuata kila mfereji. Kama gari ni la maonyesho, vaa mshazari ufurahi. Kama unalitumia, vaa radiali.

Usichanganye aina mbili kwenye ekseli moja, kamwe. Ukilazimika kuchanganya kwa muda, radiali ziende nyuma, maana nyuma ikishika kidogo kuliko mbele, gari litakuzunguka.

Herufi ya mwendo isikusumbue: S ni kilomita 180 kwa saa, T 190, H 210. Barabara zetu haziruhusu hata robo tatu ya hizo. Namba ya uzito ndiyo ya kuangalia. 86 ni kilo 530 kwa kila tairi, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615. Isipungue ile iliyoandikwa kitabuni, hasa kama una 504 ya familia inayobeba mbata, magodoro na mashangazi kwa safari moja.

Uso wa tairi uendane na barabara yako. Wa lami na mjini achukue mifereji mirefu ya kutoa maji, kwa ajili ya mvua za masika. Anayekwenda Tsavo kwa njia ya geti la Sala, kwenye udongo mwekundu na mawe, achukue meno mchanganyiko na ubavu mnene. Anayekwenda Garsen, Witu hadi Mokowe ajue kuhusu miiba ya mti wa mathenge: hiyo hupita kwenye mpira uliolika kama sindano, kwa hiyo meno yaliyokaribia alama ya milimita 1.6, kile kituta kidogo ndani ya mfereji, hayafai safari hiyo.

Hatua ya sita: tyubu au bila tyubu

TL ubavuni ni tairi lisilohitaji tyubu, TT linahitaji. Lakini rimu nayo ina kauli. Rimu za kisasa zina mwinuko mdogo unaozuia ukingo wa tairi kuteleza kuingia ndani. Nyingi za kale hazina. Na rimu za Land Rover zilizopigwa ribiti huvuja upepo kwenye ribiti zenyewe. Kwa hizo, tia tyubu, na iwe ya saizi hiyohiyo na ya radiali kama tairi ni radiali. Kagua ndani ya tairi kabla: baadhi ya matairi ya TL yana vibandiko na mistari iliyoinuka ambayo husugua tyubu mpaka inatoboka. Vitoe vibandiko, mistari ikiwa mikali, chagua tairi jingine.

Malindi kuna adui wa ziada, chumvi. Hewa ya bahari hula rimu pale hasa ukingo wa tairi unapokaa, na tairi jipya lisilo na tyubu litapoteza upepo kila wiki bila pancha yoyote. Kabla ya kuvalisha, piga brashi ya waya mpaka chuma safi, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, iache ikauke sawasawa. Rimu iliyoliwa mashimo itupwe. Valvu zibadilishwe zote. Ni pesa ndogo.

Hatua ya saba: kununua

Anza Malindi kwa saizi za jirani, kisha piga simu Mombasa na Nairobi kwa saizi halisi. Wazee watakwambia zamani ilikuwa Yana tu na kazi imekwisha. Kiwanda cha Yana cha Nairobi kilifungwa mwaka 2016, na tangu hapo karibu yote yanatoka nje. Kwa anayetaka sura kamili ya kale, Michelin bado wanatoa baadhi ya saizi za zamani, na Vredestein wana Sprint Classic. Yataletwa kwa meli au ndege, na ushuru utakuuma, kwa hiyo jiunge na wenzako wenye gari kama lako muagize pamoja.

Popote unaponunua kwa simu, omba picha ya DOT ya kila tairi kabla hujatuma pesa. Ya kila tairi, siyo ya moja. Muuzaji akianza kusema "boss, niamini", mwambie kwa upole kuwa unamwamini na bado unataka picha.

Nunua manne kwa pamoja, matano kama mfuko unaruhusu. Ukishindwa, mawili ya ekseli moja.

Hatua ya nane: kuvalisha

Kabla hujatupa ya zamani, yasome. Yaliyolika kingo zote mbili yalikosa upepo. Yaliyolika katikati yalizidishwa. Upande mmoja tu, alainmenti imekwenda au bushi zimekufa. Yaliyolika mawimbimawimbi, shokomzoba hazifanyi kazi. Ukivalisha mapya bila kutengeneza hilo, unalisha ugonjwa uleule.

Fundi apake maji ya sabuni kwenye ukingo, asipake oili wala grisi, kwa sababu mafuta huharibu mpira. Balansi ifanywe kwa mashine. Rimu nyingi za kale zina tundu la katikati lisilolingana na koni za kisasa, kwa hiyo uliza kama wana kibao cha kufunga kwa matundu ya nati.

Upepo upimwe asubuhi, gari likiwa baridi, na ufuate kitabu, siyo mazoea ya kituo cha mafuta. Kijana wa pampu atakuuliza, "Thelathini zote?" Kwa Kobe jibu ni hapana: injini iko nyuma, kwa hiyo kwa radiali ni kama pauni 18 mbele na 27 nyuma. Ukijaza sawa mbele na nyuma, usukani unakuwa mwepesi wa hatari. Kama umebadilisha saizi, anza na namba za kitabu, tembea wiki kadhaa, uangalie tairi linavyolika, kisha rekebisha pauni mbili mbili.

Kilomita 200 za mwanzo nenda taratibu. Uso wa tairi jipya bado una utelezi wa kiwandani. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza nati tena, hasa kama rimu zimepakwa rangi mpya, maana rangi hubonyea na nati hulegea.

Mwenye kuacha gari Mokowe ili avuke kwenda Lamu aliegeshe kivulini na afunike magurudumu ya upande wa magharibi kwa gunia au makuti. Jua la alasiri hupiga ubavu uleule siku zote unazokuwa kisiwani. Na afungue buti kabla ya safari. Spea ya gari kuukuu mara nyingi ndiyo tairi lenye meno mazuri kuliko yote na ndiyo zee kuliko yote, kwa hiyo nayo isomwe DOT, ijazwe upepo, na jeki ijaribiwe nyumbani kama inafika chini ya gari lenye kimo kipya.